Safari ya Punje: Tuwafundishe Watoto Chakula Kinatoka Wapi



Tunapotembelea vikundi huku Ukambani, huwa tunawauliza watoto swali dogo. Tunashika sahani ya isyo, tunasema, "Haya, hii imetoka wapi?" Wa kwanza husema, "Jikoni." Wa pili, "Dukani." Wa tatu, yule aliyetumwa jana na debe kichwani, husema, "Kwa posho." Hakuna aliyekosea, lakini pia hakuna aliyefika shambani. Na hawa si watoto wa mjini. Ukisimama mlangoni kwao unaona mabua ya mahindi.

Kwa nini iko hivyo? Tumezoea kumpa mtoto kazi bila kumpa maelezo. Tunamwambia apalilie, apukuchue, apeleke kwenye mashine. Yeye anafanya vipande vipande, na hakuna anayemwonyesha kwamba vipande hivyo ni safari moja. Kisha anakua, anapata shamba lake, anarudia makosa yale yale yetu.

Somo hili tumeliandaa kwa vikundi vinavyotaka kukaa na watoto Jumamosi moja au wakati wa likizo. Limetumika na watoto wa miaka 8 hadi 14. Tumechagua mahindi kwa sababu ndiyo chakula cha kila siku, na kwa sababu nyingine ambayo mtaiona tukifika hatua ya nne.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo mtoto aweze:
- kutaja kwa mpangilio hatua ambazo punje hupita kutoka shambani hadi sahani;
- kueleza ni wapi chakula hupotea au kuharibika njiani;
- kutambua mahindi mabaya na kusema kwa nini hayaliwi;
- kuwataja watu ambao kazi yao imo ndani ya sahani moja.

VIFAA

Vipande 10 vya katoni na makaa ya kuchorea, magunzi machache ya mahindi yenye punje, uteo 3 au 4, chupa ya glasi kavu yenye kifuniko, chumvi kavu, gorogoro moja, maji na sabuni, sufuria ya chakula cha mchana. Hakuna cha kununua isipokuwa chumvi.

Muda: saa tatu pamoja na chakula. Msiharakishe.

HATUA YA KWANZA: PICHA KUMI

Wagaweni watoto wawili wawili. Kila wawili wachore picha moja: kupanda, kupalilia, kuvuna, kukausha, kupukuchua, kuchagua, kuhifadhi, kusafirisha na kuuza, kusaga, kupika. Asiyejua kuchora achore vijiti tu, inatosha.

Changanyeni picha zote chini, kisha waambieni wazipange foleni. Hapo mtaona ubishi! Mmoja ataweka kuhifadhi kabla ya kukausha. Msimsahihishe upesi. Mwulizeni, "Tukiweka yakiwa mabichi, itakuwaje?" Waacheni wabishane mpaka wakubaliane. Mwezeshaji mzuri hutangulia kwa maswali, majibu huja nyuma.

Foleni ikiwa tayari, ulizeni maswali manne tuliyozoea katika mafunzo yetu: Mnaona nini hapa? Je, kwetu hufanyika hivi? Wapi kuna shida? Tunaweza kufanya nini? Mtoto ana jicho kali. Atataja panya waliomo ghalani mwenu kabla ninyi hamjawakumbuka.

HATUA YA PILI: TWENDE SHAMBANI

Sasa inukeni mwende kwenye shamba la karibu. Waulizeni watoto mbegu ilipandwa lini. Kwetu mvua ya kutegemewa zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba, na mahindi yake huvunwa Januari na Februari. Mvua ya Machi hadi Mei mara nyingi hutudanganya. Ndiyo sababu wazazi wetu walipenda mbegu ya Katumani, iliyotengenezwa katika kituo cha utafiti kule Machakos ili iwahi kukomaa kabla ya mvua kukatika.

Waelezeni pia kwamba mahindi hayakuwa hapa tangu zamani. Asili yake ni bara la Amerika. Mababu zetu waliishi kwa mtama, wimbi na mawele, ambavyo huvumilia jua kuliko mahindi. Mwiteni mzee mmoja awaambie watoto alivyolishwa akiwa mdogo. Mzee hufurahi akiombwa, na watoto husikiliza.

Wakiwa shambani waonyesheni jambo hili: ugonjwa wa mahindi ya ghalani mara nyingi huanzia hapa. Mmea ukipigwa na kiangazi, punje zikitobolewa na wadudu, au gunzi likianguka chini, kuvu hupata mlango. Siku hizi kuna dawa iitwayo Aflasafe KE01, iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015. Ni kuvu wasio na sumu, ambao hutawanywa shambani wiki 2 hadi 3 kabla ya mahindi kutoa mbelewele, wakachukua nafasi ya wale wenye sumu. Kipimo ni kilo 4 kwa ekari. Kikundi kinachotaka kuitumia kimwone kwanza afisa wa kilimo.

HATUA YA TATU: KUKAUSHA, NA MTIHANI WA CHUMVI

Hapa watoto hupenda sana. Kila mkulima hudai mahindi yake yamekauka, na wengi hupima kwa kuuma punje kwa meno. Meno hudanganya. Fanyeni hivi:

1. Anikeni chumvi juani mpaka ikauke kabisa.
2. Tieni mahindi kwenye chupa kavu, yafike theluthi moja.
3. Ongezeni vijiko 2 au 3 vya chumvi, fungeni kifuniko.
4. Tikiseni kwa dakika moja, kisha acheni chupa itulie kwa dakika 15.
5. Tazameni ukuta wa chupa. Chumvi ikishika kwenye glasi, mahindi bado yana maji. Isiposhika, maji yamepungua chini ya asilimia 15 hivi.

Angalieni: asilimia 15 bado haitoshi kwa kuhifadhi muda mrefu. Kipimo salama ni asilimia 13.5, na ndicho kinachotakiwa hata mkiuzia Bodi ya Nafaka. Kwa hiyo chumvi ikiacha kushika, yaongezeeni mahindi jua la siku moja au mbili.

Tumieni chupa mbili, moja ya mahindi makavu na moja ya mabichi, ili watoto walinganishe. Kila mmoja ashike, atikise, aseme anachoona. Tumeona mtoto akirudi nyumbani na kumwambia baba yake, "Baba, hayo bado, tutie chumvi kwanza." Baba alicheka, lakini alitoa chupa.

Wakati huo huo wafundisheni haya: mahindi huanikwa juu ya turubai au mkeka, si kwenye udongo, kwa sababu kuvu hukaa udongoni. Yageuzwe mara kwa mara. Jioni au mawingu yakija, yafunikwe. Wakati wa kupukuchua yasipigwe kwa rungu kwenye gunia, kwa kuwa punje iliyopasuka ni mlango mwingine wa kuvu na fukusi.

HATUA YA NNE: KUCHAGUA

Gaweni mahindi kwenye uteo. Watoto watenge punje zilizooza, zenye rangi ya kijani au nyeusi, zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizotobolewa. Zirundikwe kando.

Sasa ndipo tunasema jambo zito. Lisemeni kwa upole lakini msilifiche.

Mwaka 2004 watu wetu walikula mahindi yenye sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Waliougua na kuandikwa ni 317, na 125 kati yao walifariki. Wengi wao walitoka katika zilizokuwa wilaya za Makueni na Kitui. Mahindi mengi yalikuwa yao wenyewe, yaliyovunwa wakati kukiwa na unyevu na kuwekwa ndani ya nyumba kabla hayajakauka. Wapo waliovuna mapema kwa kuogopa wezi. Baadhi ya wazazi wanaosoma ukurasa huu walizika jamaa mwaka ule.

Watoto wajue mambo manne kuhusu sumu hii:
- Mara nyingi huioni wala huionji. Kiasi kinachokubaliwa na viwango vya Kenya katika mahindi ni sehemu 10 tu kwa kila sehemu bilioni 1. Kwa hiyo kuchagua husaidia sana, lakini kukausha ndiko kinga kubwa zaidi.
- Kupika hakuiondoi. Hata isyo ichemke kutwa nzima, sumu iko pale pale. Kukoboa mahindi tukapata muthokoi huipunguza, lakini hakuimalizi.
- Hukaa ini. Ikiwa nyingi huua upesi: macho hugeuka manjano, tumbo na miguu huvimba, mtu hutapika. Mwenye dalili hizi apelekwe hospitali bila kungoja. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini, na wataalamu huihusisha pia na watoto kudumaa.
- Ng'ombe akila mahindi hayo, sumu hupitia kwenye maziwa.

JAMBO LILILOTUFUNZA SISI

Tulipokuwa tukifanya hatua hii na kikundi kimoja cha akina mama, msichana wa miaka kumi hivi alishika kirundo cha punje mbaya, akauliza, "Hizi tunapeleka wapi?" Mama mmoja akajibu haraka, "Kwa kuku." Msichana akafikiri kidogo, akasema, "Na kuku tunakula."

Watu wakacheka. Lakini mama mwingine hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini, "Mimi sijawahi kuwapa kuku. Mwezi wa kumi na moja, debe likiwa moja tu nyumbani, nachanganya yote napeleka kwenye mashine. Nikitupa, watoto watakula nini?"

Pakawa kimya. Sisi tulikuwa tumekuja na somo letu limepangika vizuri, dawa ya chumvi, picha kumi. Jibu la swali hilo hatukuwa nalo. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumemfundisha mtoto kutupa, na hatukumwuliza mama yake anatupa akiwa na nini kibindoni. Mtu mwenye njaa ukimwambia tu "usile hiki," hujamsaidia.

Akina mama walilizungumza wenyewe. Kabla ya kuachana walikubaliana hivi: kila nyumba itoe gorogoro moja ya mahindi makavu wakati wa mavuno, yapimwe kwa chumvi mbele ya wote, yawekwe pamoja kwenye mfuko usiopitisha hewa, kwa mweka hazina. Nyumba ikilazimika kutupa mahindi yaliyooza, ilete yale mabaya yaonekane, ipewe mazuri kwa gorogoro ile ile, irudishe mavuno yajayo. Mabaya yazikwe shimoni.

Hatutaki kuwadanganya kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Msimu ule nyumba mbili hazikutoa, na moja iliyochukua haijarudisha hadi tunapoandika. Kikundi kimeamua kumngojea, kwa kuwa mvua ilimnyima. Lakini mama yule wa debe moja alikuja mwezi wa kumi na moja na gorogoro mbili za mahindi meusi, akarudi nyumbani na mbili safi. Haya yalitokana na swali la mtoto.

Kwa hiyo tunawaomba: kabla ya kuwafundisha watoto kutupa, kikundi kikae kwanza na kuamua nyumba itakayotupa itasaidiwaje.

HATUA YA TANO: GHALANI

Waonyesheni watoto ghala moja, zuri au baya. Ikumbi ya zamani iliinuliwa juu ya miguu, na wazee walikuwa na sababu: hewa ipite na panya ashindwe. Magunia nayo yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, bati lisivuje.

Waonyesheni fukusi, na kama yupo, dumuzi, yule ambaye wengi humwita Osama. Akiingia huacha unga mtupu. Mfuko usiopitisha hewa humwua bila dawa, kwa sababu wadudu hukosa pumzi. Lakini mahindi yawe makavu kweli, na mfuko usiwe na tundu hata dogo. Ukiweka mabichi mle ndani, umefungia kuvu.

Onyo: mtoto asiguse dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka. Na mahindi yaliyotiwa dawa yasiliwe kabla siku zilizoandikwa kwenye pakiti hazijakwisha.

HATUA YA SITA: BARABARANI NA SOKONI

Si kila punje hukaa nyumbani. Chukueni gorogoro, waambieni watoto wahesabu. Gunia moja ni kilo 90, gorogoro ni kilo 2. Je, gunia lina gorogoro ngapi? Ni 45. Sasa waulize wazazi wao: "Tuliuza gorogoro kwa bei gani wakati wa mavuno? Tulinunua kwa bei gani wakati wa njaa?" Tuseme tofauti ni shilingi 40. Zidisha kwa 45, ni shilingi 1,800 kwa gunia moja. Wekeni bei za soko lenu mpate hesabu yenu halisi. Mtoto akiifanya hesabu hii mwenyewe, hataisahau.

Msimalizie hapo kwa kumtukana dalali. Ana gharama zake: lori, magunia, ushuru wa soko, wapakiaji. Lakini watoto waulizwe: kwa nini tuliuza siku ile? Majibu yatakuja: karo, deni, mazishi, kuogopa fukusi. Mengine hayako mkononi mwetu, lakini fukusi yuko.

Waelezeni pia kwamba safari huweza kugeuka. Mvua ikitukataa, mahindi huja kwetu: kutoka Trans Nzoia na Uasin Gishu, ambako ndiko ghala la nchi, au kuvuka mpaka kutoka Uganda na Tanzania. Kwa hiyo unga wa leo huenda ulilimwa na mtu ambaye hatutamwona kamwe. Aliyekausha vibaya kule anatuumiza huku, na sisi tukikausha vibaya tunamwumiza mwingine. Tunaouza sokoni tulifikirie hili.

HATUA YA SABA: MASHINE, JIKO NA MEZA

Pelekeni watoto kwenye mashine ya kusaga, lakini wasimame mbali na mkanda. Mwenye mashine awaeleze anavyotambua mahindi mabichi: huganda ndani. Ulizeni kama husafisha mashine baada ya mteja mwenye mahindi mabaya.

Kisha rudini mpike pamoja, wavulana kwa wasichana. Mikono ioshwe kwa sabuni. Isyo ina mahindi na maharagwe; ongezeni sukuma wiki, kunde au majani ya malenge, waelezeni kwamba mahindi peke yake hujaza tumbo lakini hayajengi mwili.

Kabla ya kula, kila mtoto ataje mtu mmoja aliyefanya kazi ili sahani hii ijae: aliyelima, aliyepalilia, aliyechota maji, dereva, mpakiaji, mwenye mashine, aliyepika. Mtashangaa orodha inavyokuwa ndefu. Hiyo ndiyo sala ya chakula.

TAFAKARI

Someni Yohana sura ya 6, habari ya mikate mitano na samaki wawili. Angalieni mambo mawili. Kwanza, chakula kilitoka kwa mtoto. Watu wazima walikuwa wanahesabu upungufu, yeye alikuwa na kikapu. Pili, watu waliposhiba, Yesu hakuacha mabaki yatupwe, aliagiza yakusanywe. Aliyeweza kuzidisha mikate hakuona aibu kuokota vipande. Je, sisi tunaokausha debe tatu tutaacha moja lioze?

MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika picha kumi, ni wapi sisi tunapoteza mahindi mengi zaidi?
2. Nani kati yetu ana turubai? Tunaweza kununua moja ya kikundi na kupeana zamu?
3. Nyumba ikitupa mahindi mabaya, kikundi kitaisaidiaje?
4. Shule yetu ina kilabu cha 4-K? Vilabu hivi vilifufuliwa mwaka 2021. Nani atazungumza na mwalimu ili mtihani wa chumvi ufanyike huko pia?

KAZI YA NYUMBANI

Kila mtoto arudi na chupa na chumvi kidogo. Apime mahindi ya nyumbani, aandike jibu kwenye daftari, alilete mkutano ujao. Mzazi asimkemee jibu likiwa baya. Afadhali aibu ya siku moja mbele ya mtoto kuliko matanga.

Mkishafanya somo hili, tuandikieni kupitia katekista wenu mtueleze lilivyokwenda, hasa pale liliposhindikana. Mungu abariki kazi ya mikono yenu, na watoto wenu wale wakashibe.